Fuwele za vimondo vya mawe: zinapoharibika, zinapopotea, zinapodanganya

Wengi huanza kukusanya fuwele za vimondo wakiwa na picha moja kichwani: jiwe linapasuliwa, kito kinatoka. Matatizo mengi ninayoletewa yamezaliwa na picha hiyo. Fuwele nyingi za vimondo vya mawe ni ndogo kuliko punje ya chumvi, zimekumbatiana na chembe za chuma na salfaidi (misombo ya salfa), na zimekaa hivyo tangu asteroidi, miamba inayozunguka Jua, zilipoundwa miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita. Hazikuzoea maji wala hewa yenye unyevu. Zikishafika mikononi mwetu, hatari yao kubwa ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote kwa sababu ya dalili yoyote iliyo hapa chini: usioshe, usigonge, usipake mafuta. Pima uzito, piga picha pande zote, andika tarehe. Kisha ndipo usome.

## "Nimelikata jiwe, sioni fuwele hata moja"

Usilie bado. Zaidi ya vimondo vinane kati ya kumi vinavyoanguka ni kondraiti za kawaida, na ndani ya kondraiti fuwele hazijipangi kama meno ya pangoni. Zimo ndani ya kondruli, yaani vitone vya mawe yaliyoyeyuka angani yakaganda, ambavyo kwa kawaida upana wake haufiki milimita moja. Madini ya olivini na pairoksini ndiyo mengi humo. Macho matupu huona doa la kijivu tu.

Chanzo cha pili ni joto. Mwaka 1967 watafiti Van Schmus na Wood walipanga kondraiti kwa namba kulingana na jinsi zilivyobadilika ndani ya asteroidi mama. Kondraiti za kawaida ziko kati ya 3 na 6. Aina ya 3 ina kondruli zinazoonekana wazi kama shanga. Aina ya 6 imepikwa mpaka mipaka ya shanga hizo imefutika, ingawa madini yake ya feldispa yamepata nafasi ya kukua. Aliyenunua aina ya 6 akitarajia shanga atadhani ametapeliwa, kumbe amenunua tu namba nyingine. Soma namba kabla ya kulalamika.

Chanzo cha tatu ni cha aibu kidogo: uso haujasuguliwa. Alama za msumeno huficha kila kitu. Anza na msasa mnene, shuka hadi mwembamba kabisa, ukilowesha kwa alkoholi badala ya maji, kisha tazama kwa lenzi inayokuza mara 10, mwanga ukitoka ubavuni. Zungusha kipande polepole. Bapa za fuwele zitakukonyeza moja baada ya nyingine.

Ukitaka kuziona sawasawa, tafuta kipande chembamba kilichogandishwa juu ya kioo na kusagwa mpaka unene wa milimita 0.03. Unene huo ndio kipimo cha wanajiolojia kila mahali, kwa sababu hapo madini mengi ya mawe hupitisha mwanga. Kiweke kati ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyokingamana, chini ya hadubini, na olivini iliyokuwa kijivu itawaka bluu, zambarau na manjano. Utaona kondruli zenye mistari sambamba ya olivini kama wavu wa kuchomea nyama, na nyingine ambamo pairoksini imetawanyika kama upepeo kutoka nukta moja ukingoni. Kwangu mimi, kwa kondraiti, hicho ndicho kielelezo cha fuwele. Kuchimba punje kwa sindano ni kuharibu hadithi ili kupata herufi.

Anayetaka fuwele za kuonekana bila hadubini abadilishe aina ya kimondo. Diojenaiti zinahusishwa na asteroidi Vesta, ambayo chombo cha anga cha Dawn kiliizunguka mwaka 2011 na 2012, na zina pairoksini yenye fuwele kubwa. Ile ya Tatahouine iliyoanguka Tunisia tarehe 27 Juni 1931 inajulikana kwa rangi yake ya kijani. Obraiti, kama Norton County iliyoanguka Kansas, Marekani, mwaka 1948, zina enstataiti, aina ya pairoksini, nyeupe ya kuonekana waziwazi. Palasaiti nazo zina olivini ya dhahabu na kijani ndani ya wavu wa chuma. Hizo, kwa haki, ni nusu mawe nusu chuma, lakini wakusanyaji wa fuwele hawawezi kuziacha nje ya mlango.

## "Sumaku haishiki. Nimeuziwa jiwe la kawaida?"

Si lazima. Obraiti, diojenaiti na ndugu zao wana chuma kidogo sana cha asili. Kondraiti za kundi la LL, lenye chuma kidogo kuliko makundi mengine ya kondraiti za kawaida, huvuta kwa unyonge. Na kondraiti iliyolala jangwani maelfu ya miaka inaweza kuwa chuma chake karibu chote kimegeuka kutu: kwa ngazi za kuoza zilizopangwa na mtafiti Wlotzka mwaka 1993 hiyo huitwa W4, na sumaku huiona kama mgeni.

Upande wa pili, sumaku ikishika kwa nguvu haithibitishi kitu. Taka za tanuri la chuma hushika, na magnetaiti, madini ya chuma ya duniani, hushika. Angalia mambo haya kwanza: matundu ya mapovu ndani ya jiwe ni dalili mbaya, na punje kubwa za kwatzi ni dalili mbaya zaidi. Sugua jiwe kwenye upande wa nyuma wa kigae usio na rangi ya kung'aa; mstari mwekundu ni hematiti (nayo ni madini ya chuma), mweusi au kijivu kizito ni magnetaiti, wakati kimondo ambacho hakijaoza kwa kawaida hakiachi mstari wa maana. Kama kuna chembe ya chuma iliyokatwa, kipimo cha nikeli kwa dimethilglioksimu pamoja na amonia hugeuza pamba kuwa ya waridi. Waridi peke yake haitoshi, kwa kuwa vyuma vya viwandani navyo vina nikeli, lakini chuma kisichotoa waridi kabisa kinakupa sababu ya kuacha.

Na neno moja kuhusu sumaku yenyewe. Zile ndogo zenye nguvu kali zinazouzwa siku hizi hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyohifadhiwa ndani ya kimondo, kumbukumbu ambayo watafiti huitumia kujua kama mwili mama uliwahi kuwa na uga wa sumaku. Ikifutwa hairudi. Kama ni lazima, tumia sumaku dhaifu iliyofungwa kwenye uzi, na uiache ikaribie tu bila kugusa.

## "Kuna fuwele nyeupe nzuri ndani ya nyufa"

Hizo ni za duniani. Vimondo vya jangwani hujazwa kalisaiti, madini ya chokaa, kwenye nyufa na maji ya chini ya udongo. Tone dogo la siki kwenye punje moja iliyotolewa, si kwenye jiwe lenyewe, likichemka mapovu basi umepata jibu. Sina sababu ya kuzing'oa: zinaeleza jiwe limelala wapi. Ila usiziandike kwenye lebo kama madini ya asteroidi.

## "Kipande kinatoa jasho la kahawia"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vielelezo vingi hufia.

Tofautisha kwanza. Utando mkavu wa rangi ya chai juu ya chuma ni kutu ya kawaida ya unyevu; inasumbua macho tu. Vitone vya majimaji, vya kahawia au vya kijani-manjano, vinavyorudi siku mbili baada ya kufutwa, ni ugonjwa mwingine. Zamani yalilaumiwa madini ya lawrensaiti, kloridi ya chuma iliyodhaniwa kuja na kimondo kutoka angani. Watafiti Vagn Buchwald na Roy Clarke, mwaka 1989, walionyesha kwenye vimondo vya Antaktika kwamba mkosaji ni akaganeiti, kutu yenye klorini ndani yake, na kwamba klorini hiyo hutoka duniani.

Utaratibu wake ni huu. Ioni za kloridi hujikusanya pale kutu inapokutana na chuma kizima. Hapo hutengeneza kimiminika chenye asidi, chuma kinaliwa, kutu mpya inazaliwa, na kloridi inaachiliwa iendelee mbele. Haiishi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma, na fuwele iliyokaa pembeni inapasuka au kubanduka. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba olivini zake zinaanguka, akidhani tatizo ni olivini, kumbe chuma kilichoizunguka ndicho kinachovimba.

Kloridi imeingilia wapi? Udongo ambamo kimondo kililala. Upepo wa bahari. Maji ya bomba. Jasho la vidole. Kloridi ya feri iliyotumika kuchora uso wa chuma. Wanaoitumia kwa kuwa ni rahisi kuliko asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi humwachia mnunuzi deni. Niliwahi kusuuza kipande cha palasaiti chini ya bomba, sekunde chache tu, ili kutoa vumbi la msasa. Baada ya wiki tatu kilikuwa kimeota vipele kando ya kila olivini. Muuzaji sikumlaumu, ingawa nilijaribu.

La kufanya, kwa utando mkavu: sugua kwa msasa mwembamba na alkoholi safi kabisa isiyo na maji, kausha, hifadhi pakavu. Kwisha.

Kwa jasho: loweka kipande kwenye myeyuko mwepesi wa sodiamu haidroksidi (soda kali) uliotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa. Mimina soda ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda. Vaa glavu na miwani. Tumia chombo cha plastiki au kioo, si alumini, kwani soda huila na kutoa haidrojeni. Badilisha myeyuko kila baada ya siku kadhaa. Utajuaje kwamba kloridi imekwisha? Chukua kidogo cha myeyuko uliotoka, utie asidi ya nitriki mpaka uwe na asidi, kisha tone la nitrati ya fedha. Ukungu mweupe ukitokea, bado. Kwa kipande kinene hii inaweza kuchukua wiki nyingi, na asiye na subira hiyo bora asianze, kwa sababu kulowesha nusu nusu ni kuongeza maji kwa mgonjwa wa maji.

Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha mara mbili kwa alkoholi isiyo na maji. Acha alkoholi ikauke yote hewani, mbali na moto, ndipo uweke kipande kwenye oveni baridi na kupandisha joto taratibu hadi karibu nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Kipoe humo humo. Olivini iliyopashwa ghafla hulia kama gilasi, na mlio huo hautausahau.

Baadaye kiweke kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vile vyenye rangi inayobadilika vikishiba. Usitumie sponji ya PVC, kwani huweza kutoa klorini polepole, wala sanduku la mwaloni, ambalo hutoa mvuke wa asidi. Polithini ni salama.

Vanishi na mafuta? Naona watu wengi wanavisifu. Vanishi juu ya kloridi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Mafuta huficha dalili mpaka kipande kinapokatika vipande. Kipande kikiwa kimepona kweli na kimekaa mwaka mzima bila jasho, nta nyembamba haidhuru.

Matibabu haya ya soda hayafai kila kimondo. Usiyajaribu kwa obraiti, kwa kondraiti za kaboni, wala kwa jiwe lolote lililokusanywa muda mfupi baada ya kuanguka na ambalo bado lina thamani ya kitafiti. Haya ni ya palasaiti na kondraiti zenye chuma kingi ambazo zingekufa bila tiba. Hata kati ya palasaiti tabia hazilingani: Brahin ya Belarus ina sifa mbaya ya kutu, wakati Imilac ya Chile na Esquel ya Ajentina ni watulivu. Ukiwa mgeni wa kazi hii, anza na watulivu.

## "Fuwele zinapukutika wakati wa kukata"

Angalia unene. Kila mtu anataka kipande chembamba cha palasaiti ili mwanga upite, lakini olivini nyingi zilikwisha kupasuka ndani kwa ndani na migongano ya angani kabla hazijaanguka. Ukikata wembamba kuliko ukubwa wa fuwele, hakuna kinachoishikilia. Kata mnene, kisha punguza kwa kusaga.

Msumeno nao: tumia diski nyembamba ya almasi, mwendo mdogo, bila kusukuma. Kipooza joto kiwe mafuta mepesi ya kukatia na si maji. Alkoholi hufaa pia lakini inashika moto, na mota ya msumeno hutoa cheche. Jiwe lifungwe lisicheze hata kidogo.

Kwa mawe yanayovunjika kama mkate mkavu (Norton County ni hivyo) tia gundi laini ya epoksi ndani ya chombo cha ombwe kabla ya kukata, ili iingie nyufani. Andika kwenye lebo kwamba umefanya hivyo. Kutosema ni udanganyifu, na aliyepima kemia ya jiwe lenye epoksi bila kujua atakulaani kwa haki.

Zile zilizoanguka zenyewe, usizitupe. Hizi ndizo fuwele pekee ninazoziona halali kuhifadhiwa zikiwa peke yake. Kusanya punje kwa kibanio cha plastiki au brashi laini, ziweke kwenye kichupa cha kioo, andika jina la kimondo, namba ya kipande kilichozizaa, na uzito wa vyote viwili. Bila uhusiano huo ulioandikwa, kichupa kina mchanga wa kijani tu. Hata vumbi la msumeno lihifadhi kama jiwe ni adimu.

## "Kijani kimegeuka kahawia"

Mara nyingi olivini yenyewe haijabadilika sana; oksidi ya chuma imepenya kwenye nyufa zake na kuzipaka rangi. Fuwele zilizokuwa karibu na ngozi ya kimondo huumia kwanza, za katikati hubaki safi. Kwa hiyo tazama kipande kimetoka wapi ndani ya jiwe kabla ya kusema kimondo chote ni kibovu.

Atakuja mtu kukushauri asidi ya hidrokloriki kwa kuwa inaondoa kutu. Inaondoa, na olivini nayo inayeyuka ikiacha utelezi wa silika. Tena inaingiza kloridi uliyohangaika wiki nyingi kuitoa. Kahawia iliyoko ndani ya nyufa haina tiba. Iwashie taa kwa nyuma na uipende ilivyo.

## "Nimeosha, fuwele zimetoweka"

Tarehe 22 Machi 1998 kimondo kilianguka Monahans, Texas, karibu na wavulana saba waliokuwa wakicheza mpira wa kikapu. Jiwe lilifunguliwa mapema katika maabara kavu, na ndani yake kulikuwa na fuwele za chumvi, halaiti, zenye rangi ya bluu na zambarau iliyotokana na mionzi, zikiwa na viputo vidogo vya maji ya kale. Zag, kilichoanguka Sahara Magharibi mwaka huo huo, kilikuwa nazo pia. Mvua moja ingetosha kufuta ushahidi wote. Nani ajuaye ni chumvi ngapi zimeyeyushwa na watu waliotaka jiwe lao liwe safi.

Obraiti zina tatizo linalofanana: oldhamaiti, salfaidi ya kalisi ya kahawia, huharibika kwa unyevu na kuacha shimo lenye doa. Ukiona vishimo vya namna hiyo kwenye obraiti yako, unyevu umekwisha kupita. Hakuna cha kurudisha. Kausha na ufunge kilichobaki.

## "Kito hiki cha kijani kweli kimetoka kwenye palasaiti?"

Kwa macho, hutajua. Olivini ya palasaiti na ile ya volkeno zina ugumu ule ule wa 6.5 hadi 7, na muundo wa kemia unaokaribiana. Kioo cha chupa utakikamata kwa lenzi: ndani ya olivini kingo za nyuma huonekana mbili mbili, kwa kuwa fuwele hiyo hugawa mwanga, na kioo hakifanyi hivyo. Hapo umemwondoa mwongo mmoja tu. Olivini ya kutoka volkenoni bado iko mezani.

Maabara hutofautisha kwa nikeli. Olivini inayotoka kwenye matumbo ya dunia hubeba nikeli ya kutosha. Ya palasaiti ina kidogo mno, kwa sababu chuma kilichoizunguka kilikwisha kuichukua. Kama muuzaji hana kipimo hicho, muombe picha za fuwele ikiwa bado ndani ya chuma, na kipande cha chuma kilichobaki. Akikataa vyote viwili, kipe kito bei ya olivini ya kawaida.

## "Nina jiwe na fuwele, lakini halina jina"

Jiwe lisiloainishwa halina jina rasmi hata likiwa zuri. Ili lisajiliwe, maabara inayoaminika hubaki na sampuli ya gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, kile kilicho kidogo. Wengi huumia kutoa kiasi hicho kwa jiwe dogo. Mimi hutoa, na hukata kipande hicho kwanza, kabla ya soda, epoksi wala msasa, ili maabara ipate jiwe kama lilivyoanguka.

Angalia pia sheria ya mahali lilipookotwa kabla ya kulisafirisha. Marekani, kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM (idara ya serikali ya kusimamia ardhi), mkusanyaji wa kujifurahisha anaruhusiwa pauni 10 kwa mwaka na si zaidi; Afrika Kusini vimondo vinalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 1999. Karatasi za ruhusa zikae kwenye kisanduku kimoja na jiwe, ndani ya mfuko wa polithini, zisije zikanywa unyevu wa silika iliyoshiba.